Ukuta unamzuia mwizi, mtoto yuko ndani

Nafundisha kuogelea Dar es Salaam, na mara kwa mara huitwa kukagua mabwawa ya majumbani. Mwenye nyumba karibu kila mara huanza kwa kunionyesha ukuta. Yule wa Mbezi Beach alikuwa na wa futi nane, nyaya za umeme juu, kamera kila kona na mlinzi getini. "Mwalimu, hapa hata paka hapiti," akaniambia. Tukapita sebuleni, akasukuma mlango wa kioo kwa kidole kimoja, na hatua sita mbele yetu bwawa hilo hapo. Nikageuka nyuma. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa anatufuata, peku, mkononi ana gari la plastiki.

Wazazi wengi hudhani hatari iko saa ya kuogelea. Saa hiyo walau kuna mtu mzima karibu, hata kama anatazama kwa jicho moja. Miaka ya 1980, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilichunguza ajali za watoto wa chini ya miaka 5 katika mabwawa ya Arizona, California na Florida. Ikakuta kwamba takriban 7 kati ya kila 10 hawakutazamiwa kabisa kuwa bwawani wakati ule. Karibu nusu mara ya mwisho walionekana wakiwa ndani ya nyumba. Na asilimia 77 walikuwa wamepotea machoni kwa dakika 5 au pungufu. Dakika tano ni za kuosha vikombe vya chai.

Wala hutasikia kitu. Anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Mdomo wake unaibuka na kuzama, na kahewa kadogo anakopata kanaishia kwenye kuvuta pumzi. Mtoto mdogo ana shida zaidi, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake: akiinama kuokota mpira anatangulia kichwa, na akishaingia hawezi kujinyanyua. Ndiyo maana hata ndoo ya kufulia iliyoachwa bafuni na maji imeshaua watoto.

Kwa hiyo ninachotaka ni uzio kati ya nyumba na maji, pande zote nne. Ukinambia upande wa nne ni ukuta wa nyumba, basi ule mlango wa sebuleni ndio geti lako, na geti la kioo linalosukumwa kwa kidole silikubali. Uzio uwe na kimo kisichopungua mita 1.2, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10, na nondo zisimame wima, maana za kulala ni ngazi. Geti lifunguke kuelekea nje, upande usio na maji, lijirudishe na kujifunga lenyewe, komeo likae kama mita 1.5 kutoka chini. Geti linalosubiri mtu akumbuke kulifunga silihesabu.

Kazi hii fundi wa kuchomelea wa mtaani kwako anaiweza. Tatizo lake ni moja: atataka kukupambia, aweke maua ya chuma katikati kama ya dirishani. Mkatalie. Kila ua ni kidato.

Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2003 inayomtaka mwenye bwawa la nyumbani lililochimbwa ardhini achague kinga: uzio, king'ora, mfuniko au banda la kulifunika. Mimi hapo sioni cha kuchagua. Mfuniko unamngoja mtu aurudishe kila baada ya kuogelea, na king'ora kikilia kinakuambia mtoto ameshaingia. Lile turubai jepesi linaloelea, la kutunza joto la maji, usilitie kwenye hesabu za usalama kabisa: mtoto akilikanyaga linazama naye, kisha linajifunika juu yake.

Nafundisha kwa pesa, kwa hiyo niamini nikisema masomo ya kuogelea hayafanyi kazi ya uzio. Mtoto wa miaka 3 anayevuka bwawa vizuri nikiwa nimesimama kando, si yule yule anayetumbukia na nguo na viatu. Maboya ya mikononi nayo humfundisha kitu kibaya: kwamba maji yanambeba. Na mkimaliza kuogelea, toeni midoli yote majini. Mpira unaoelea ni mwito.

Siku za sherehe ndizo zinazonikosesha raha. Watu wazima thelathini, kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Mimi huwapa filimbi. Mwenye filimbi hali, hapigi picha, hashiki simu, na baada ya dakika 15 anamvisha mwingine shingoni.

Halafu kuna swali ambalo sijawahi kuulizwa na mwenye nyumba: dada wa kazi anajua kuogelea? Ndiye anayeshinda na watoto. Na mlinzi, ambaye wanawe huja likizo? Huwa naomba hao ndio niwafundishe kwanza. Mtoto akitolewa majini msimning'inize miguu juu, msimkamue tumbo. Mlazeni chali mahali pagumu. Kama hapumui, mpulizie pumzi 5, kisha kandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kuacha, huku mwingine akitafuta msaada kwa simu na gari likiwashwa. Mtoto mchanga mfunike mdomo na pua pamoja kwa mdomo wako unapopuliza.

Yule wa Mbezi Beach alinung'unika kwamba uzio utamharibia mandhari, lakini akajenga. Nilirudi baada ya miezi miwili. Nondo wima, hakuna maua, geti nikaliachia likajifunga kwa kishindo kizuri. Nikazunguka upande wa jiko. Kiti cha plastiki kimeegemezwa kwenye uzio, na juu ya kiti kuna gari la plastiki.