Mrembo kwa Macho ya Nani? Dhana Potofu Kuhusu Riwaya za Mapenzi ya Wanawake kwa Wanawake

Riwaya zinazosimulia mapenzi ya mwanamke na mwanamke zimepewa sifa ya kuvunja kanuni za urembo. Sifa hiyo ina ukweli wake, ila imezingirwa na maneno mengi ya watu ambao, kwa ninavyoona mimi, walitazama jalada wakaishia hapo. Nitayapitia yale ninayoyasikia mara kwa mara. Mengine yanahitaji maelezo marefu, mengine sentensi mbili tatu zinayatosha.

"Haya mambo ni ya juzi, yameletwa na mitandao"

The Well of Loneliness ya Radclyffe Hall ilichapishwa London mwaka 1928. Mhusika wake mkuu, Stephen Gordon, ni mwanamke aliyezaliwa na mabega mapana na nyonga nyembamba. Anakua akiyachukia magauni, akiwa mtu mzima anashonewa suti, na kutoka vitani anarudi na kovu shavuni. Huyo ndiye aliyekabidhiwa kitabu kizima cha mapenzi, karibu karne moja iliyopita.

Miongo mitatu baadaye, Marekani, Ann Bannon alimleta Beebo Brinker: mrefu, nywele fupi, mwendesha lifti aliyeipenda kazi hiyo kwa sababu ilimruhusu kuvaa suruali. Beebo hayumo hata katika kitabu cha kwanza cha mfululizo huo, kilichotoka 1957. Leo mfululizo wote unajulikana kwa jina lake. Wasomaji walishachagua.

"Wanawake wakiwa wenyewe hawajali sura"

Hii inapendwa hata na wasomaji wa dhati. Hoja yao ni kwamba mwanamume akishatoka chumbani, na kioo nacho kimetoka naye. Laiti ingekuwa hivyo. Mwandishi mwanamke amekulia katika picha zilezile walizokulia wengine, na kalamu yake inazikumbuka. Pekua rundo la riwaya za aina hii utakutana na bosi mwenye suti iliyomkaa kama kachorewa, daktari wa upasuaji ambaye hajawahi kuamka na nywele zimetimka, na kiuno cha nyigu kila baada ya kurasa chache. Jinsia ya anayetazama imebadilika, vipimo ni vilevile.

Zaidi ya hapo, fasihi hii imezaa kanuni yake yenyewe. Mwanamke wa suruali na nywele fupi, ambaye Stephen na Beebo walimfungulia mlango, siku hizi mara nyingi huingia akiwa mwembamba, kifua bapa, taya kama limechongwa kwa patasi. Mwenzake mnene, mwenye matiti makubwa yanayolivuta shati mpaka vifungo vinaomba msamaha, hupewa nafasi ya rafiki mchekeshaji. Anatoa ushauri mzuri, analala peke yake. Mimi hilo ndilo huniudhi kuliko warembo wa kawaida, kwa sababu linajifanya mapinduzi.

Na majalada je? Katika miaka ya 1950, vitabu vya mfukoni vya bei nafuu vilipouzwa Marekani kwenye maduka ya dawa na vituo vya mabasi, jalada lilichorwa kumlenga mnunuzi mwanamume. Wanawake wawili wembamba, nguo za kulalia, mmoja ameketi kitandani na mwingine amesimama nyuma yake akimtazama kwa jicho la kula njama. Mwandishi kwa kawaida hakuwa na kauli juu ya picha hiyo. Kwa hiyo ndani ya kitabu yupo Beebo na mabega yake, na nje yupo mrembo wa kalenda. Wanawake waliokuwa wakivitafuta vitabu hivyo walijifunza kulichukulia jalada kama alama tu ya kilichomo, basi.

Usidhani hilo limekwisha. Jalada la siku hizi mara nyingi ni katuni yenye rangi tamu. Mchoro wa mistari michache una ujanja wake: unene unapungua, makunyanzi yanatoweka, kovu halionekani. Ukitaka kujua mchapishaji anaamini nini hasa, weka jalada kando ya ukurasa wa kwanza unaomweleza mhusika, kisha uhesabu kilo zilizopotea njiani.

"Kupinga urembo ni kumweka mhusika mwenye sura mbaya, halafu kuisifu roho yake"

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na hata waandishi wenye nia njema hujikwaa hapa. Ukisema "hakuwa mzuri wa sura, lakini alikuwa na uzuri wa ndani," umeshakubali hukumu. Umekiri kwamba kipimo ni sahihi, kisha ukamwombea mhusika wako msamaha. Mpenzi wake naye anageuka kuwa mfadhili, mtu mwema aliyekubali kuvumilia. Nani anataka kupendwa kwa kuvumiliwa?

Nitatunga mifano miwili ili tofauti ionekane. Mwandishi wa kwanza anaandika hivi:

"Tausi hakuwa mrembo. Alikuwa mnene na mashavu yake yalikuwa na makovu ya chunusi. Lakini Salome aliuona moyo wake, na moyo ule ulikuwa wa dhahabu."

Wa pili anaandika hivi:

"Tausi aliinama kufunga kamba za viatu. Shati likapanda mgongoni, ukaonekana mkunjo wa kiuno na alama nyekundu iliyoachwa na mkanda. Salome alikuwa anahesabu maboksi. Akaanza upya. Alipofika saba akapotea tena."

Katika mfano wa pili neno urembo halimo. Mwili ni uleule wa mfano wa kwanza, haujapunguzwa wala kutiwa vipodozi. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu anautazama, na kutazama huko kunamvuruga kazi. Msomaji hajaambiwa akubaliane na lolote, ila sasa anaitaka ile alama ya mkanda irudi kwenye ukurasa unaofuata. Moyo wa dhahabu hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu hakuna anayeuona.

Kwa ufundi huo sijui mfano unaoizidi The Color Purple ya Alice Walker, iliyotoka 1982 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Wengi huitaja kama kitabu cha mateso. Wasichokitaja ni kwamba katikati yake mna mapenzi ya wanawake wawili. Celie ameambiwa tangu utotoni kwamba ni mbaya wa sura. Anayemwambia ni baba, kisha mume. Halafu anafika Shug Avery, mwimbaji, mgonjwa hoi, mwanamke ambaye Celie alimpenda kwa picha kabla hajamwona. Na Shug, akimtazama Celie kwa mara ya kwanza, anamwambia yaleyale!

Mwandishi mwoga angelikwepa tusi hilo. Walker analiweka mlangoni, kisha anaacha mikono ifanye kazi. Celie anamwogesha Shug. Anamchana nywele. Shug akiwa anachanwa anaanza kunong'ona wimbo, na wimbo huo baadaye anauimba mbele ya watu na kuutaja kuwa wa Celie. Celie hapewi sura mpya. Anapewa mtu anayemtazama kwa muda mrefu wa kutosha. Baadaye kabisa anaanza kushona suruali, moja baada ya nyingine, kila moja akimwazia mtu wake na mwili wake, mpaka ikawa biashara. Suruali inayoufuata mwili badala ya mwili kuifuata suruali: sijasoma makala ya nadharia iliyolieleza jambo hili vizuri zaidi ya hapo.

"Mwishowe anavua miwani na anageuka malkia"

Zipo za namna hiyo, sikatai. Mhusika anasukwa nywele, anavalishwa gauni, ukumbi unanyamaza. Hiyo ni hadithi ya kanuni iliyoshinda, hata kama anayemshangilia ni mwanamke. Tusizihesabu upande wetu.

"Lazima mmoja awe mume na mwingine mke"

Mtu akiona mmoja amevaa tai na mwingine amepaka rangi ya mdomo, anafunga mjadala. Anasahau kwamba katika riwaya za kawaida mvuto wa kiume hufungwa kwenye mwili wa kiume, na hapa umeng'olewa huko. Mikono iliyokomaa kwa kazi, sauti nzito, hatua ndefu: vyote hivyo vimewekwa kwa mwanamke, na anatamaniwa kwa sababu ya sifa hizo, akiwa mwanamke. Hakuna kinachoichanganya kanuni ya urembo kama hicho. Tena ziko riwaya tele ambamo wote wawili wamepaka rangi ya mdomo, na nyingine ambamo hakuna hata mmoja aliye nayo.

"Mnene na mzee hawaandikiwi mapenzi"

Wanaandikiwa, tena si tangu jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Los Angeles, liliundwa kundi lililojiita Fat Underground kupinga ubaguzi dhidi ya watu wanene, na wanawake wanaopenda wanawake walikuwa mstari wa mbele humo. Mawazo hayo hayakubaki kwenye vipeperushi. Susan Stinson alichapisha Martha Moody mwaka 1995, riwaya ya enzi za walowezi wa Marekani, ambamo anayetamaniwa ni mwenye duka mnene. Unene wake umeandikwa kama chanzo cha hamu, wala si kizuizi kinachorukwa.

Kwa upande wa umri, Courtney Milan alitoa mwaka 2019 hadithi ya kihistoria ya wanawake wawili, mmoja ana miaka 73 na mwingine 69. Inachekesha, na mapenzi yake ni mapenzi kweli, si urafiki wa kuombeana afya.

"Zote huishia kwa kifo au wazimu"

Dhana hii ina sababu. Mwaka 1952 Marijane Meaker, akitumia jina la Vin Packer, aliandika Spring Fire, na mhariri wake akamwonya kwamba mwisho wa furaha ungeifanya posta ikamate kitabu kwa kosa la uchafu. Kwa hiyo mmoja akapewa wazimu, na mwingine akatambua eti hakuwahi kumpenda. Cha ajabu, anayerukwa na akili ni Leda, mrembo wa chuo. Mitch, msichana mkubwa wa umbo, mwanamichezo, ndiye anayetoka salama. Sheria ilidai adhabu, na mrembo ndiye aliyeibeba. Stephen wa mwaka 1928 alifanyiwa kinyume chake: ni yeye mwenye mabega mapana anayemsukuma mpenzi wake mikononi mwa mwanamume na kubaki peke yake.

Lakini mwaka uleule wa 1952, Patricia Highsmith naye akijificha nyuma ya jina lingine, alitoa The Price of Salt, na wanawake wawili wapendanao humo wanaachwa na tumaini la kuwa pamoja. Leo mwisho wenye matumaini ni sharti la riwaya ya mapenzi kama aina, awe nani anampenda nani.

"Ni ngono tu iliyovikwa hadithi"

Kitabu cha Radclyffe Hall kilihukumiwa mahakamani mwaka huohuo wa 1928 na nakala zikaamriwa ziharibiwe. Mtafutaji wa ngono ya wazi ndani yake atakesha bure, hamna. Kilichowakera ni mwanamke wa namna ile kudai anastahili kupendwa.

"Ni mambo ya Wazungu"

Celie na Shug ni Weusi, na weusi wa ngozi ni sehemu ya tusi analotupiwa Celie. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, mwaka 2007 kwa "Jambula Tree", hadithi fupi ya wasichana wawili wanaopendana huku jirani akiwachunguza. Chinelo Okparanta naye mwaka 2015 aliandika Under the Udala Trees, ambamo Ijeoma na Amina wanakutana Nigeria ikiwa katikati ya vita vya Biafra. Anayeuliza kama fasihi hii ipo Afrika hajatafuta.

"Hakuna atakayenunua kitabu kisicho na mrembo"

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Alma Routsong, akitumia jina la Isabel Miller, aliandika riwaya ya wanawake wawili wa karne ya 19, Patience na Sarah. Sarah amelelewa kufanya kazi za mtoto wa kiume kwa sababu baba yake alikuwa na mabinti watupu: anakata miti, anavaa suruali, mikono yake ni ya shoka. Patience anampenda hivyohivyo. Routsong alijichapishia nakala 1,000 mwaka 1969 na kuziuza mwenyewe mjini New York, zikiwemo alizouza kwenye mikutano ya wanawake. Mwaka 1971 kitabu hicho kikawa cha kwanza kupewa tuzo ya vitabu vya mapenzi ya jinsia moja ndani ya Chama cha Maktaba cha Marekani, na mchapishaji mkubwa akakichukua na kukitoa upya kwa jina la wahusika wake wawili. Mashoka ya Sarah hayakuguswa.