"Kila mtu ana kwao": dhana potofu kuhusu kazi ya kuwahudumia wasio na makazi huku Kusini

Nimekuwa afisa ustawi wa jamii mkoani Mtwara kwa miaka kadhaa. Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huja ofisini na mambo waliyoyasikia nyumbani, mengi si kweli. Naanza na lile linaloniumiza zaidi.

"Huku Kusini hakuna wasio na makazi. Kila mtu ana kwao."

Pita sokoni baada ya sala ya isha. Kwenye vibaraza vya maduka utaona maboksi yaliyokunjuliwa, na juu yake watu waliojifunika viroba. Wote wana kwao, ila huko kwao ama hapakaliki tena, au nauli haipo.

Kwetu ukoo unafuata upande wa mama: Wamakonde, Wamwera, Wayao. Katika vijiji vingi mwanamume akioa huhamia ukweni. Analima huko, anajenga huko, anazeekea huko. Mke akifariki au ndoa ikivunjika, mara nyingi nyumba hubaki kwa ukoo wa mke na mzee anaambiwa arudi kwao, mahali alipoondoka angali kijana. Kaka zake wamekwisha kufa na wajukuu hawamjui. Ukiwa afisa na huijui mila hii, utauliza "watoto wako wako wapi?" na hutapata jibu la maana. Swali linalofungua mlango ni "dada zako walizaa?" maana mpwa ndiye mwenye wajibu kwa mjomba wake.

Halafu kuna korosho. Minada inapoanza mwezi wa kumi, vijana hufika kutoka kila upande kubeba magunia maghalani. Msimu ukiisha, fedha nazo huisha, na wengine hukwama mjini. Hali ni hiyohiyo kwa wavuvi walioachana na dago, yaani kambi yao ya uvuvi.

"Ni wazururaji, waachieni polisi."

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake tu, bila kosa alilotenda, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kwa mtoto jambo liko wazi zaidi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na anayeishi mtaani anahitaji ulinzi. Ukimwona, piga 116. Ni bure. Na tafadhali, tuache neno "chokoraa".

"Ukiwa na huruma inatosha."

Huruma ndiyo iliyonileta, lakini haikunifundisha kazi. Niwasimulie kisa kimoja, nimebadilisha baadhi ya mambo ili mhusika asitambulike.

Mzee mmoja alikuwa akilala karibu na stendi. Wasamaria wema walishampa chakula, shuka, hata godoro. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia "Marahaba," akageukia ukutani. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne akaniuliza, "Mwanangu, mvua zimekwisha Newala?" Sikujua. Nikampigia simu mtu wa huko, nikamwambia zimekwisha. Akaguna. Akasema basi mikorosho inataka salfa, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga utakula maua yote. Nikakaa chini, na asubuhi yote tukaongea salfa.

Mwishoni akatoa mfuko wa nailoni kifuani. Ndani mlikuwa na stakabadhi za korosho za miaka ya nyuma, wino umefifia na kingo zimelika. Juu ya kila moja palikuwa na jina la chama cha msingi cha ushirika. Nilimpigia katibu wa chama, akanipa mwenyekiti wa kijiji, ambaye alisema, "Huyo alikuwa mkwe wetu, kwao ni wilaya nyingine." Simu ya sita ndiyo iliyompata mpwa.

Kabla mpwa hajaja nilikuwa na maswali mengine. Je, mzee anataka kwenda? Aliondoka vipi? Aliwahi kutuhumiwa uchawi? Hilo la mwisho huulizwa mapema na kwa upole, kwa sababu unaweza kumrudisha mtu palepale alipokimbia kuokoa roho yake. Kusikiliza, kutafuta ndugu, kupima hatari na kutunza siri ni ujuzi, na unafundishwa.

"Ni kazi ya kujitolea, haina shule wala ajira."

Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, inafundisha ngazi ya cheti, stashahada na shahada. Chuo Kikuu Huria kina shahada ya fani hii, na kina vituo Mtwara na Lindi, kwa hiyo si lazima uhame. Nafasi za Serikali hutangazwa na Sekretariati ya Ajira katika Utumishi wa Umma: halmashauri, hospitali, makazi ya wazee, na kesi za watoto mahakamani. Mashirika nayo huajiri. Nafasi ni chache kuliko waombaji, sitakudanganya. Anayejua Kimakonde au Kimwera ana faida kubwa akifika kijijini.

"Aache pombe kwanza, ndipo asaidiwe."

Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha mpango uliogeuza utaratibu huo: mtu apewe nyumba kwanza, matibabu yafuate akiwa na mlango wake. Finland iliufanya msingi wa mpango wa taifa kuanzia 2008, na idadi ya wasio na makazi ikapungua sana. Sisi hatuna nyumba za kugawa. Ila naamini hata hapa ni vigumu mtu kumeza dawa kwa saa, au kuacha gongo, akiwa analala barazani.

"Ukishamfikisha kwao, kazi imekwisha."

Mpwa alikuja na kanzu mpya, akampigia magoti mjomba wake palepale stendi. Watu walipiga makofi. Wiki tatu baadaye nilikwenda kijijini, nikamkuta mzee analala barazani. Nyumba ilikuwa imejaa, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulikaa na familia, mwenyekiti wa kijiji na majirani, wakakubali kusimamisha chumba kimoja cha miti na udongo. Ziara ya tatu kilikuwa kimeezekwa. Ule mfuko wa nailoni ulikuwa unaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda.

Mzee alinionyesha mlango, akaufunga, akaufungua. Akasema bado komeo. Nikaandika kwenye daftari langu: komeo.