Je, wajua kwa nini Neil Williams aliruka kichwa chini ili bawa lisikatike?

Juni 3, 1970, rubani Mwingereza Neil Williams alikuwa akifanya mazoezi angani juu ya uwanja wa ndege wa Hullavington, Uingereza. Mashindano ya dunia ya sarakasi za ndege yalikaribia, na yangefanyika hapohapo. Alipokuwa akivuta usukani kuinua ndege yake, Zlin Akrobat iliyoundwa Czechoslovakia, alisikia mshindo mkubwa. Bawa la kushoto likaanza kujikunja kuelekea juu.

Chanzo kilikuwa chuma kilichochoka. Ndege ikiruka kawaida, hewa huyasukuma mabawa juu, na rubani akivuta usukani kwa nguvu mzigo huo hufika mara tano ya uzito wa ndege au zaidi. Hapo upande wa chini wa mhimili wa bawa, yaani boriti kuu iliyo ndani yake, huvutwa, na upande wa juu hubanwa. Kiungo kilichokatika kilikuwa cha chini, kile kinachovutwa, kwa hiyo hakikubaki kitu cha kulizuia bawa lisipande.

Sasa pindua ndege. Mzigo nao unageuka: upande wa mhimili ulio mzima ndio unaovutwa, na ule uliokatika unabanwa tu. Vipande viwili vya chuma vinavyosukumana haviachani hata kama kiungo kimekatika. Williams alikuwa amesikia kisa cha rubani wa Bulgaria ambaye bawa la Zlin lilivunjika kinyume cha hivyo, yaani akiwa kichwa chini, kisha likarudi mahali pake ndege ilipogeuka. Akaamua kufanya kinyume chake. Akapindua ndege, na bawa likarudi kwa kishindo.

Kwangu mimi, maajabu ni kwamba aliweza kufikiri hayo huku ardhi ikimkaribia. Ila tukumbuke kwamba kwa rubani wa mashindano, kichwa chini ni mahali pa kazi. Anashindana ndani ya sanduku la hewa lenye upana, urefu na kimo cha mita 1,000, na katika daraja la juu kabisa anaruhusiwa kushuka hadi mita 100 kutoka ardhini. Majaji walio chini hutoa alama kati ya 0 na 10 kwa kila umbo, yaani kila mchezo anaouchora angani, na akikosea pembe anakatwa alama. Kuna hata mzunguko wa mashindano ambao marubani hupewa maumbo yake muda mfupi kabla, na hawaruhusiwi kuyajaribu angani. Rubani huyatembea ardhini, mikono ikiwa mabawa, mpaka yamkae kichwani.

Kuruka umepinduka kuna taabu zake. Ili pua ipande, usukani unasukumwa badala ya kuvutwa. Damu inakimbilia kichwani, na mikanda ndiyo inayobeba mwili wote. Mafuta nayo huhamia upande wa pili wa tangi, ndiyo maana ndege nyingi za sarakasi zina mpira laini ndani ya tangi wenye kizito mwishoni: mafuta yakihama, kizito kinayafuata, na injini inaendelea kunywa. Ndege za baadaye kama Extra 300 zina mabawa yenye umbo lilelile juu na chini, hivyo huruka vizuri pande zote mbili.

Injini ya Williams ilizimika baada ya kupinduka, akaiwasha tena. Kisha likabaki swali la kutua, kwa sababu magurudumu yalikuwa yakitazama mbinguni. Akaushukia uwanja akiwa bado kichwa chini, na alipokaribia kabisa kugusa ardhi akaigeuza ndege. Bawa lilianza kukunjika tena, lakini halikuwa na muda wa kumaliza: ndege ilijibamiza chini, ikaburuzika, ikasimama. Williams akatoka kwa miguu yake mwenyewe.