Mfereji kubadilika sura si lazima ung'olewe

Kuna hii imani hapa Nairobi, ati ukitaka mfereji wa jikoni ukae smati lazima uite fundi wa maji, ufunge geti valvu (ile ya kukata maji yote), ung'oe kila kitu na ununue mwingine wa rangi ya dhahabu, na huo wa dhahabu sasa ndio hautavuja. Zote mbili si kweli.

Kuvuja hakuna uhusiano na rangi. Ile mifereji ya kuzungusha mingi hufungwa na washa, yaani kipete cha mpira huko ndani, na ile ya mkono mmoja kawaida ina katriji, kile kipande cha ndani cha kufunga maji chenye visahani vya seramiki, hizo zikiisha maji yatadondoka tu hata nje pang'ae vipi. Kung'aa kwenyewe ni koti jembamba sana la kromu au rangi juu ya shaba ya manjano ama zinki ya bei rahisi, na hilo koti haliongezi nguvu yoyote.

Kwa hivyo unaweza badilisha nguo tu, yaani ule mkono wa kufungulia maji. Chomoa kile kifuniko chekundu au bluu hapo juu, chini yake kuna skrubu, ifungue na mkono unatoka wenyewe. Lakini beba ule wa zamani dukani kwa sababu meno ya ndani hayalingani kila aina, nilinunua kwa macho nikarudi madukani River Road mara mbili.

Na kama maji yenu ni ya kisima, zile alama nyeupe ni chokaa. Usisugue na waya ya sufuria jamani, utakwangua hilo koti lote.