Feni ya pini nne ni ipi hasa?

Feni ya pini nne ni feni ya kompyuta ambayo plagi yake ndogo ina nyaya nne: wa kwanza ni hasi, wa pili unaleta volti 12, wa tatu unaipelekea mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) taarifa ya kasi, na wa nne unapokea amri ya kasi kutoka kwenye mazabodi. Huo wa nne ndio PWM. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Matatizo yanaanza kwenye kompyuta za mtumba, zile zilizotoka ofisi za Ulaya. Feni ya nyuma ya kesi inaanza kukoroma (wengi wanaliita sanduku zima CPU, ila hiyo ni kesi nyingine). Fundi anaikata, anaifunga mpya kwenye waya mnene unaotoka pawa saplai, kisha anamwambia mteja: "Nimekuwekea pini nne, siku nyingine utabadilisha mwenyewe." Hapana. Hiyo ni Moleksi, ile plagi kubwa ya umeme. Ina pini nne kweli, lakini mbuzi naye ana miguu minne na hatumwiti meza.

Moleksi ina waya wa njano wa volti 12, mwekundu wa volti 5, na miwili myeusi ya hasi. Wa kutoa taarifa haupo, wa kupokea amri haupo. Feni iliyofungwa hapo inazunguka kwa nguvu zote tangu unawasha hadi unazima, na mazabodi haina habari nayo. Sasa, kompyuta nyingi za ofisini zikikosa taarifa ya feni husimama wakati wa kuwaka na kutoa onyo, mpaka ubonyeze kitufe ndipo ziendelee. Mteja anarudi kulalamika, anauziwa feni nyingine, onyo liko palepale.

Jina lenyewe nalo halisaidii. Molex ni kampuni ya Marekani, na muundo wa ile plagi ndogo ya feni, yenye milimita 2.54 kati ya pini na pini, nao ni wa kwao. Ile kubwa ina milimita 5.08. Kwa hiyo anayesema "plagi ya Moleksi" hajakutofautishia kitu. Mimi pia nalitumia kwa ile kubwa kwa sababu kila duka linalitumia, ila kwa shingo upande.

Lakini kinachounguza vitu ni rangi. Kwenye feni nyingi za pini tatu, nyeusi ni hasi, nyekundu ni volti 12, na njano ni taarifa ya kasi. Ilinganishe na Moleksi hapo juu. Anayeunga rangi kwa rangi anaipa mota volti 5 badala ya 12, halafu anausukumia waya wa taarifa volti 12 kavukavu. Feni inazunguka kivivu au inagoma kabisa, na transista ndogo iliyokuwa ikitoa taarifa inaweza kwenda na maji. Kwenye nyingi za pini nne mambo ni tofauti tena: njano ndiyo volti 12, kijani ni taarifa, buluu ni PWM. Na siku hizi zinakuja nyaya zote nyeusi tii. Achana na rangi, soma plagi: pini iliyobaki nje ya zile mbavu mbili (vituta vya plastiki ubavuni mwa plagi) ndiyo ya nne.

Mbavu hizo ndizo zinazoiwezesha feni ya pini tatu kuingia kwenye soketi ya pini nne na kufanya kazi bila shida, pini ya nne ikibaki wazi. Anayekuambia haiingii anataka kukuuzia nyingine.

Ukitaka kweli feni ya kubadilisha kirahisi kwenye mashine yenye plagi ya ajabu, isiyolingana na ya feni za dukani, usiitupe plagi hiyo. Kata waya karibu na feni iliyokufa, mkia wote ubaki umechomekwa kwenye mazabodi. Tafuta kwa mita volti 12 iko wapi na hasi iko wapi, maana watengenezaji wa mashine hizo hupanga nyaya wanavyojua wao. Kisha lehemu mkia huo kwenye waya wa kurefushia wa feni ya kawaida, upande wenye pini, na kila kiungo ukifunike kwa mpira wake wa kusinyaa kwa joto. Ikifa tena, ni skrubu nne na kuchomeka. Feni ya milimita 120 hupimwa fremu. Matundu ya skrubu yameachana milimita 105, usije ukapima hayo ukaishia kurudishana dukani.

Na fundi wangu, kufunga feni kwenye Moleksi si kosa, hewa itapita. Mwambie tu mteja umemfungia Moleksi na kasi itakuwa moja muda wote. Pini nne iachie ile inayopokea amri.