Dirisha fiche halikufichi ofisini

“Lakini mimi nilikuwa kwenye hali fiche.” Yaani lile dirisha la incognito la kivinjari. Kauli hiyo nimeisikia kwa wahasibu, kwa maofisa mauzo, hata kwa meneja aliyesaini mwenyewe sera ya matumizi ya kompyuta. Kazi yangu ni kusimamia mitandao ya maofisi, na kila suala la nidhamu likifika mezani na ripoti ya intaneti ikafunguliwa, huo ndio utetezi wa kwanza. Tuumalize leo.

Lile dirisha jeusi lenye kofia na miwani lina kazi moja: ukilifunga, kivinjari kinafuta historia na vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huviacha) vya muda huo kwenye kompyuta hiyo. Basi. Anayekuja kukaa kiti chako zamu ya jioni hataona ulikopita. Na ukilifungua, ukurasa wenyewe unakwambia kuwa mwajiri au shule bado wanaweza kuona unachofanya, ila sijui nani anausoma.

Kabla tovuti haijafunguka, kompyuta inauliza anwani yake kwa seva ya DNS, kitabu cha anwani cha intaneti, na ofisini seva hiyo kwa kawaida ni ya ofisi. Kisha unapita kwenye faiawoli, geti la mtandao linalokagua kinachoingia na kutoka. Hata tovuti ikiwa ya HTTPS, yaani data yake imefungwa isisomeke njiani, jina lake mara nyingi linatangulia wazi mwanzoni mwa muunganisho. Kwenye kumbukumbu za faiawoli unabaki mstari wa namna hii: 11:42, jina la kompyuta, jina la mtumiaji, tovuti ya kubeti, MB 64. Hakuna safu ya “hali fiche: ndiyo”. Ni kama kudeki nyayo zako sebuleni wakati mlinzi wa getini ameshakuandika kwenye daftari.

Na huo ni mtandao tu. Ofisi nyingi zina programu ya usimamizi ndani ya kompyuta yenyewe. Inaona ulichofungua na faili ulizohamishia kwenye flashi. Nyingine hupiga hadi picha za skrini. Zipo pia ofisi zinazofungua HTTPS: faiawoli inakaa katikati, inakagua kilichomo, inafunga upya kwa cheti chake, yaani kitambulisho cha kidijitali badala ya kile cha tovuti. Ukitaka kujua kama yako ni mojawapo, usije kuninong'oneza kwenye korido. Bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, fungua cheti, tazama kimetolewa na nani. Ukikuta jina la kampuni yako au la faiawoli, jua kwamba yaliyomo yanasomeka, nywila zikiwemo. Tovuti za benki mara nyingi huachwa nje ya ukaguzi huo, lakini hiyo ni hiari ya aliyeuweka.

“Basi nitaweka VPN.” Ndiyo ile programu inayopitisha data yako kwenye handaki lililofungwa hadi seva ya mbali. Kwenye kompyuta yenye programu ya usimamizi, VPN haisaidii kitu, kwa sababu anayekutazama yuko ndani, upande wako wa handaki. Kwenye mtandao ndiyo kabisa inakutangaza: data yote ya siku inakwenda kwenye anwani moja ya ng'ambo. Na kwa Tanzania, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishatoa tangazo Oktoba 2023 kutaka wanaotumia VPN wajisajili.

“WhatsApp imesimbwa mwisho hadi mwisho.” Kweli, wanaosoma ni anayeandika na anayeandikiwa tu. Ila ukifungua WhatsApp Web kwenye kompyuta ya kazi, mwisho mmoja ni hiyo kompyuta. Kwenye simu yako mwenyewe kupitia Wi-Fi ya ofisi, tunaona kwamba unatumia WhatsApp na kiasi cha data, hatuoni ulichoandika.

Wapo pia wanaoamini watu wa IT tunashinda tukitazama skrini zao. Jamani, muda huo tunautoa wapi? Printa tu zinatumaliza. Kumbukumbu hufunguliwa kukiwa na tahadhari ya mfumo au malalamiko.

Waajiri nao wana yao: “Kompyuta ni yangu, nasoma chochote.” Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania 1 Mei 2023, inataka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani. Ya Kenya ya 2019 vilevile. Someni kesi ya Bogdan Bărbulescu wa Romania. Mwajiri wake alimtolea kurasa 45 za mazungumzo yake ya Yahoo Messenger, ya kaka yake na mchumba wake yakiwemo, akamfukuza mwaka 2007. Tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, majaji 11 kwa 6, kwamba haki yake ya faragha haikulindwa. Kumkataza mtu matumizi binafsi hakutoshi. Aambiwe mapema kwamba anafuatiliwa, na kwa kiasi gani. Uamuzi huo haumfungi jaji wa Dar es Salaam wala Nairobi, lakini wakili mzuri ataupeleka.

“Nilifuta zote.” Ulifuta upande wako. Barua pepe na chati za kazi zinaweza kubaki kwenye seva au nakala rudufu kulingana na sera ya ofisi.

Ushauri wangu, mnaouchukia: usiingie kwenye Chrome ya ofisi kwa Gmail yako binafsi. Ukiwasha usawazishaji (sync), historia ya nyumbani na nywila ulizohifadhi zinakufuata mpaka kazini. Kama umeshaingia, toka leo, futa na data iliyobaki kwenye kivinjari, kisha badilisha nywila ya benki na ya barua pepe ukiwa kwenye kifaa chako.