Mpishi Akiumwa, Nani Anamlipa?

Wakati wa UVIKO-19, migahawa mingi iliweka ndoo ya maji tiririka na sabuni mlangoni, anapoingilia mteja. Ukizunguka nyuma unakuta wapishi wanne wamebanana kati ya jiko la gesi na meza ya kukatia mboga, na dirisha pekee limezibwa na friji. Mteja alikaa mgahawani nusu saa akaondoka. Mpishi alikaa kutwa nzima.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichunguza vifo vya watu wa miaka 18 hadi 65 katika jimbo hilo la Marekani mwaka 2020. Vifo vya wapishi vilizidi kiwango cha kawaida kwa takriban asilimia 60, wakaongoza orodha ya kazi zote. Wala si chakula kilichowaponza. Virusi vya UVIKO-19 husambaa zaidi kwa hewa, na jikoni watu wako karibu karibu, wanapaza sauti ili wasikike, kisha wengi huja kazini wakiwa na homa kwa sababu siku bila kazi ni siku bila hela.

Hapa Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, baada ya kupokelewa dozi 1,058,400 za Janssen kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Walioanza ni watumishi wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye magonjwa sugu. Mhudumu wa mgahawa mwenye miaka 24 alisubiri, na ukizingatia uchache wa dozi ule ulikuwa mpango wa haki. Kikwazo chake halisi kilikuja baadaye, chanjo ilipofunguliwa kwa watu wazima wote: kituo kinachanja saa zilezile anazopakua wali.

Ndiyo maana Mpango Shirikishi na Harakishi, uliopeleka wachanjaji hadi kwenye mikusanyiko ya watu, ulikuwa na maana kubwa kwa sekta hii. Mlipuko mwingine ukitokea, mwenye mgahawa asingoje matangazo. Aombe ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ilete timu saa tisa alasiri, wateja wa mchana wakishapungua. Wenye vibanda vya jirani wanaweza kuomba pamoja. Wafanyakazi wasichanjwe wote siku moja, kwani baadhi hupata homa na maumivu ya mkono kesho yake, na jiko likikosa watu lawama zitaangukia chanjo. Chanjo ya UVIKO-19 ilikuwa hiari, na kumtishia mtu kibarua chake huzaa vyeti vya kughushi tu.

Chanjo ilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo, lakini haikuzuia kila maambukizi. Tatizo la hewa linabaki palepale. Januari 2020, katika mgahawa mmoja wa Guangzhou, China, usio na madirisha, kiyoyozi kilizungusha hewa ileile, na watu 10 wa familia tatu zilizokaa meza za jirani wakaugua. Kwa hiyo sogeza friji, fungua dirisha, na feni ya ukutani itoe hewa nje badala ya kuirudisha ndani.

Sasa mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, akileta cheti cha daktari. Waajiri wengi huijua likizo ya mwaka tu. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki hiyo, isipokuwa kama ameajiriwa kwa msimu, au alirudi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na jumla ya vipindi hivyo ikavuka miezi sita. Hapo deiwaka wengi wanaingia bila kujua. Wewe unayeitwa kila msimu wa wageni, andika kwenye daftari tarehe ulizofanya kazi na ulicholipwa, na meseji za malipo kwenye simu usizifute.